Nilivyompandisha mama mkwe kwenye ngome ya mlimani kule India, na mimi siruhusiwi kumgusa

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia, mashariki ya Kongo.

Nimesoma humu nyuzi zenu za kupanda milima, mtu kavaa miwani kasimama juu ya jiwe, nikasema leo na mimi nitoe ya kwangu. Ni kweli tupu, sijaongeza chumvi. Picha sina. Picha zipo kwenye simu za Wahindi kama thelathini hivi ambao sitawaona tena maishani, na mkisoma mtaelewa.

Nijieleze kwanza ili tusipotezane.

Mimi ni Mnande, asili yangu Butembo, lakini Bunia ndiko nilikooa na ndiko nina duka la vipuri vya pikipiki. Mke wangu anaitwa Wivine, ni Mualur wa Mahagi. Kwa msiojua, hizo ni pande mbili tofauti kwa lugha na kwa desturi. Ila wote ni watu wa kanisa, wote ni watu wa soko, basi tunaelewana.

Tunaelewana isipokuwa kwenye jambo moja. Mama mkwe.

Kwetu mama mkwe unampa kiti, unampa nyama nzuri, unamsindikiza, yameisha. Kwao, hasa kwa wazee wa aina ya huyu wangu, mkwe wa kiume hamshiki mkono mama wa mke wake. Hamtazami usoni. Hali chakula pamoja naye. Mkikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Na haongei naye moja kwa moja, lazima mtu wa tatu awe katikati anapokea maneno huku na kuyapeleka kule.

Vijana wao wengi wameshaachana na haya, wakuu, kwa hiyo Waalur wa humu msije mkanishukia. Nasema huyu wangu. Huyu wangu hajaacha hata nukta.

Miaka tisa ya ndoa, najua mgongo wake kuliko uso wake.

Basi. Ilikuwa ile miaka mkoa wetu wa Ituri umetulia, utulivu wetu ule wa kulala na viatu karibu na kitanda. Biashara zimerudi, watu wanajenga, samaki wa ziwani wanapanda kutoka Kasenyi kila asubuhi. Na ndipo Wivine akaugua mafigo. Sitawachosha na hospitali tulizozunguka. Mwisho tukaambiwa yote mawili yamekwisha, na dawa ni moja: apewe figo la ndugu, na operesheni hiyo ni India.

Ndugu zake wa kiume walikuwa wawili. Mmoja alipimwa, damu haikupatana. Mwingine hakurudi tangu wakati wa vita. Akabaki mama. Akapimwa, akapatana.

Sasa muielewe hesabu yangu. Maisha ya mke wangu, mama wa watoto wangu wawili, yalikuwa ndani ya mwili wa mtu ambaye siruhusiwi hata kumpa kikombe cha chai mkononi.

Tukaenda watatu, mji wa Pune. Tukapanga vyumba viwili kwenye ghorofa moja karibu na hospitali, jengo ambalo limejaa Wakongo wagonjwa na wanaowauguza, sisi tunawaita garde-malade. Ghorofa ya tatu kulikuwa na mama mmoja wa Goma, Maman Charlotte, anamuuguza mumewe. Huyo mama alikuwa anajua nani kala nini, nani kalia, nani katumiwa pesa na nani. Kumbukeni jina hilo.

Kule India figo halitolewi hivi hivi. Kuna kamati inakaa na kuwahoji, kuhakikisha kwamba figo halijauzwa na kwamba ninyi kweli ni ndugu.

Tukaitwa. Tukakaa. Mama mkwe kwenye kona yake kanipa mgongo, mimi natazama dirisha.

Yule bwana wa kamati akauliza kupitia mkalimani, huyu mama ni nani wako? Nikasema ni mama mkwe wangu. Akatutazama. Akasema, mnakaa nyumba moja? Nikasema ndiyo. Akasema, mbona hamtazamani? Mbona hamjasemezana tangu mmeingia?

Wakuu, nilieleza. Nilieleza kwa Kifaransa changu, mkalimani akaeleza kwa Kiingereza chake, na kadiri nilivyoeleza heshima ndivyo tulivyozidi kuonekana matapeli. Wakaandika kwamba uhusiano wetu una mashaka. Tuliongezewa wiki mbili na nusu za kutafuta karatasi Mahagi, cheti cha ubatizo, barua ya chifu, picha za harusi. Na kwenye picha za harusi mama mkwe haonekani popote, kwa sababu alikuwa kajificha nyuma ya nyumba.

Mke wangu anafifia kitandani, na mimi nasumbuliwa kwa kosa la kuwa na adabu.

Mwishoni walikubali. Tukapewa siku. Daktari akatuita akatupa masharti: mtoaji asipate homa, asikohoe, asianguke, asijikate. Hata mafua tu, operesheni inaahirishwa, na Wivine hana nguvu ya kungoja tena. Atembee, kutembea ni kuzuri, lakini ajitunze.

Wivine akalazwa mapema ili wamtayarishe. Na hapo ndipo mtu wetu wa tatu akatoka nyumbani.

Tukabaki wawili. Ukuta mmoja, mlango mmoja, jiko moja.

Mnajua tulivyoishi? Nikitaka kujua chumvi iko wapi, nampigia Wivine hospitalini. Wivine anampigia mama yake, aliyeko chumba cha pili hatua nne kutoka kwangu. Namsikia mama anapokea, anasema, "Iko nyuma ya ndoo." Nimeshasikia. Lakini siwezi kwenda kuichukua, nangoja Wivine anipigie, aniambie, "Iko nyuma ya ndoo." Ndipo naenda.

Mgonjwa wa mafigo, mishipa imejaa sindano, anageuzwa switchboard ya simu.

Siku moja akaniambia kwa sauti ya kuchoka, "Papa Neema, mama anasema kesho kutwa umupeleke ku ule mulima."

Mlima gani?

Dirisha la jikoni lilikuwa linaonyesha safu ya milima mbali, na mmoja juu yake kulikuwa na kitu kama meno. Mama mkwe alikuwa anautazama kila asubuhi huku anapepeta mchele. Wivine alikuwa kamuuliza nesi, nesi akasema ni ngome ya zamani, wafalme wao walijenga kuta juu kabisa ili adui asifike. Siku hizi watu wanapanda kwa mazoezi na kupiga picha.

Nikasema haiwezekani. Zimebaki siku tisa. Akivunjika mguu, wewe huna figo.

Wivine akasema, "Nimemuambia. Anasema yeye ni mutu wa milima, analimaka ku milima tangu mutoto, atakosa kuvunjika Mahagi akuye kuvunjika huku?"

Nikasema basi twende na Maman Charlotte, angalau tuwe na mtu wa katikati.

Wivine akampigia mama. Nikasikia ukutani sauti ya mama ikisema hapana, mara tatu. Wivine akanipigia. "Anasema na Maman Charlotte haende. Na mutu yeyote wa kwetu, haende. Ni weye na yeye."

Sasa hiyo ndiyo iliniwasha kabisa. Mtu hawezi kuniambia chumvi iko wapi, lakini mlimani anataka twende wawili. Nikasema sitaki, nimekataa, ajipandie mwenyewe.

Wivine akasema, "Yeye anatoa figo. Weye siku moja inakushinda kutoa?"

Nikaenda kutafuta gari.

Alhamisi asubuhi tukapanda jeep ya abiria, mimi mbele, yeye nyuma kabisa. Alikuwa kavaa kikwembe, kitenge chake cha kanisa, na raba alizonunuliwa na Wivine, na kajifunga kitambaa kichwani kama anaenda shamba. Mimi nilibeba maji, mikate na mwavuli mkubwa mweusi kwa sababu mvua zao zilikuwa zinaishia ishia.

Chini ya mlima kulikuwa na kamba imefungwa kukatiza barabara na mzee wa sare kakaa kwenye kiti. Wakuu, mtu wa Ituri akiona kamba barabarani anajua ni kizuizi cha wenye bunduki, mwili unajibu wenyewe. Kabla jeep haijasimama nilikuwa nimeshatoa carte d'électeur, yaani kadi ya mpiga kura, pasipoti na karatasi ya hospitali, nimezipanga vizuri mkononi. Nikageuka, mama mkwe naye katoa zake, kaziinua juu.

Yule mzee alitutazama kwa huruma. Alikuwa anataka ushuru wa maegesho kwa dereva, basi.

Tukaanza kupanda. Mimi mbele, yeye nyuma hatua kumi. Nikasema mambo ni rahisi, nikitaka kumwambia kitu nampigia Wivine kama kawaida.

Natoa simu. Network hakuna, hata mstari mmoja.

Nikasimama. Yeye naye akasimama, akatazama bondeni. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili kwenye mlima wa watu, hakuna anayeweza kusema twende wala turudi.

Pale palikuwa na mbwa wa njano, hawa mbwa wa ngome, anafuata watu ili atupiwe mkate. Akaja akakaa katikati yetu.

Mama mkwe akamtazama yule mbwa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Weye imbwa. Ambia ule bwana apande polepole, magoti yangu si ya zamani."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikangoja. Mbwa naye akangoja.

Basi na mimi, mwenye duka langu, mwenye watoto wanaonisubiri Bunia, nikainama nikamwambia mbwa, "Ambia mama, sawa. Akichoka aseme, tutapumzika."

Hivyo ndivyo tulivyopanda. Kila mapumziko mbwa anapewa kipande cha mkate kama mshahara wa ukalimani, na akienda mbali tunanyamaza hadi arudi.

Katikati ya njia mama mkwe akasimama ghafla. Huko juu, kwenye mnara wa ngome, kulikuwa na bendera ya rangi ya machungwa inapepea.

"Imbwa, muulizie. Ile drapeau ya kule juu ni ya banani?"

"Mwambie ni ya mfalme wao wa zamani."

"Ule mufalme iko wapi?"

"Alishakufa, miaka mia na mia."

"Sasa nani anakamata ile mulima?"

"Mwambie hakuna mtu. Ni wa kutazama tu."

Akatikisa kichwa. "Drapeau haikosake mutu."

Siwezi kumlaumu. Kwetu kilima chenye bendera kina wenyewe, na wewe unakizunguka hata kama ni saa tatu za ziada. Alikaa kwenye jiwe akakataa kusogea hadi lilipoteremka kundi la wasichana wa chuo wanacheka, mmoja anakula tango lenye pilipili. Akawatazama mikono yao, akaona hawana kitu zaidi ya simu. Akasimama.

Lakini wasichana wale nao walikuwa balaa lingine. Walituona, wakafurahi, wakataka selfie. Wahindi wa kule wakiona Mwafrika mlimani ni sikukuu. Mmoja akamshika mama mkwe bega, mwingine akanivuta mkono, wanasema family, family, wanatusukuma tukae karibu kwa picha. Nilikwepa kulia, mama mkwe akakwepa kushoto, wasichana wakacheka wakidhani ni mchezo, wakatusukuma tena. Nilirukia nje ya njia, nikatua kwenye kichaka cha miiba. Suruali ilichanika hadi gotini. Wao wakapiga picha hiyo pia.

Waliofuata walitaka. Na waliofuata. Kuna wanawake wa kijijini, wazee kuliko mama mkwe, wanapita na ndoo za maji kichwani wakipeleka kuuza juu, miguu mitupu, nao walisimama kutushangaa.

Nilikuwa nimechoka, nimechanika, nina hasira na kila mtu. Nilikuwa nina hasira na kamati, na wafalme waliojenga kuta mahali pasipofikika kisha wakafa. Zaidi nilikuwa na hasira na yule aliye nyuma yangu hatua kumi, kwa sababu kila jiwe lililotikisika chini ya raba zake moyo wangu ulikuwa unatikisika nalo. Nilikuwa nasikiliza nyayo zake kama mtu anayesikiliza injini mbovu. Akinyamaza kidogo, nafikiri kaanguka.

Tukafika kabla ya lango la mwisho.

Pale ngazi za mawe zilikuwa zimebomoka. Limebaki pengo, si pana, hatua moja ndefu ya mtu mzima, lakini chini yake ni mteremko ambao sikutaka kuutazama mara mbili, na jiwe la upande wa pili lilikuwa limelowa. Watu wanavuka kwa kupokezana mikono. Mmoja anavuka, anageuka, anamvuta mwenzake.

Nikavuka. Mbwa akavuka. Nikasimama kiubavu, natazama ukuta kama desturi inavyotaka, nikangoja nisikie kishindo chake.

Sikusikia.

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa kasimama ukingoni, kanyosha mkono. Kaunyosha kwangu.

Wakuu, sijui niwaambieje. Miaka tisa nimefundishwa, nimekaripiwa, nimewekwa kikao na wajomba kwa sababu siku moja nilipita karibu na mlango anakula. Kichwa hakikufanya kazi. Nikashika mwavuli kwa ncha, nikamwelekezea mpini.

Hakuushika.

Nikamwambia mbwa, naapa, nikamwambia mbwa, "Ambia mama akamate mwavuli."

Mama mkwe akasema:

"Imbwa iko upande yako. Mi niko naongea na weye."

Mkono bado umenyooka.

"Papa Neema. Acha mwavuli. Leta mukono."

Ndipo nikatoa mkono. Wake ulikuwa mkavu, mgumu kama wa mtu wa jembe. Akavuka vizuri tu, hatua moja, wala hakuyumba. Alikuwa sahihi, ni mtu wa milima. Pengo lile angeliruka hata bila mimi.

Lakini hakuniachia mara moja.

Tukaingia langoni. Juu kuna uwanja mpana, kisima cha kuchongwa kwenye mwamba, mzinga mmoja wa zamani umelala kwenye majani, kuta zinazozunguka kote. Mji wote unaonekana chini. Alikaa ukutani. Mimi nikakaa mbali kidogo, na yeye akatazama bonde, hakunitazama, akaanza kuongea.

"Nikikufa mu ile operesheni, nani atanishika?"

Nikasema, mama, hutakufa, daktari amesema...

"Sikuulize daktari. Niko nakuulizia, nani."

Nikaweka mwavuli chini.

"Wivine atakuwa mu kitanda. Kaka yake iko Mahagi, haina pasipoti. Ule mwengine unajua. Wahindi hawanijue. Itakuwa ni weye. Weye njo utanivalisha, weye njo utaniingiza mu sanduku, weye njo utanirudisha kwetu."

Akafunga vizuri kitambaa chake.

"Nilikuwa nawaza ile kila siku ku dirisha. Mutu hajanigusa hata siku moja, anakuya kunigusa niko maiti. Nikasema hapana. Mara ya kwanza ikuwe niko muzima."

Nikauliza, na kwa nini iwe huku juu, mama? Nyumba tunayo, mlango tunao.

"Mule mu nyumba batu ya kwetu iko kila fasi. Maman Charlotte akiona, Mahagi yote wanajua mbele ya jua kulala, nitarudi kwetu na uso gani? Huku ni Wahindi tu."

Sasa nawaambia ukweli wangu wote. Pengine mnategemea niseme nililia. Nilikuja kulia baadaye, kwenye choo cha hospitali. Pale nilikasirika. Nilisimama nikamgombeza mama mkwe wangu. Nikamwambia kwamba kwa sababu ya mdomo wa Maman Charlotte amelipandisha figo la mwanawe kwenye mawe yanayoteleza, kwamba angeniita jikoni ningempa mikono yote miwili, kwamba kama angeanguka ningerudi Bunia kuwaambia watoto nini. Nilisema maneno mengi. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake nilikuwa nasema naye, na ilikuwa ni kelele.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi tushuke, mvua inakuya."

Tukashuka. Kwenye kila mahali pabaya alinyosha mkono nikaushika. Mbwa alituacha kwenye lango la pili, akafuata watu wenye mikate. Tulipoona kamba ya yule mzee na paa za kijiji, mama mkwe akaingiza mkono ndani ya kikwembe, akarudi nyuma hatua kumi. Kwenye jeep alikaa nyuma kabisa. Jioni Wivine akanipigia: "Mama anasema mulima ilikuwa muzuri. Anauliza kama umefunga gaz."

Operesheni ilifanyika siku yake. Hakukohoa, hakuwa na homa, hakuwa na hata mchubuko. Asubuhi ile nesi alinipa karatasi nisaini kama msimamizi wake, kama lolote likitokea mwili wake akabidhiwe nani. Nilisaini. Mama mkwe alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, kafumba macho, rozari kashanyang'anywa, Maman Charlotte yuko palepale anashuhudia kila kitu. Sikumgusa. Hakuniita.

Wote wawili walitoka salama. Figo lilianza kazi siku hiyohiyo. Namshukuru Mungu na ninamshukuru yeye, ingawa shukrani zenyewe nilimpelekea kupitia Wivine.

Tuliporudi Bunia, shangazi na wajomba walijaa uwanja wa ndege kwa ngoma. Mama mkwe alinipita bila kugeuza shingo. Na mimi nikatazama pembeni, nikiwa na adabu zangu zote.

Wivine ameniuliza mara nyingi huko juu kulitokea nini. Namwambia tulipanda, tukashuka. Ninyi ndio wa kwanza kusikia, kwa sababu humu hamnijui sura na Mahagi hawasomi uzi wangu, natumaini.

Nilichojifunza? Sijajifunza kwamba desturi ni mbaya, msije na comment hizo. Desturi ile imemlinda maisha yake yote na bado anaitaka, mlimani aliiweka chini kidogo akaichukua tena wakati wa kushuka. Na msipande mlima na mama mkwe zikiwa zimebaki siku tisa, hilo halihitaji uzi.

Mlio na wakwe wa desturi hizi, niambieni mlifanyaje mlipofika hospitalini, mlipofika kwenye maiti. Nitasoma zote. Na mtu akikunyoshea mkono, wakuu, toa wako hapohapo. Mimi nilinyoshewa mkono na mtu anayeogopa kufa bila mtu wake, nikampa mwavuli, na ilibidi aombe mara ya pili.